Kwa Gaspare, Kuhusu Besi ya Binti Yako

Monasteri ya Mtakatifu Reparata,
Roccalda, Romanya.
11 Oktoba 1577.

Mpendwa mdogo wangu Gaspare,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mkeo Nikoleta na watoto wote. Hamjambo huko Raguza? Kifua chako je, bado kinakubana kila ukiinamia masufuria ya rangi? Nilikuambia zamani ujifunge kitambaa puani, ukanicheka. Haya, cheka tena. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Zabibu tumeshavuna, na divai itakuwa kali kama ya mwaka jana, kwa hiyo usitamani.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikakasirika, nikairudia nikakasirika zaidi. Unaniambia niinamishe kichwa. Unataka nimwombe radhi Makamu wa Askofu, na binti yako Drusilla akubali kitambaa cheupe cha masista wa jikoni, aoshe vyungu mpaka kufa kwake, mradi awe na paa la kulala. Hapana, mdogo wangu. Sikuomba radhi na sitaomba. Sasa kaa chini nikueleze, maana barua yangu iliyopita niliiandika mbio mbio, na yaliyobaki umeyasikia kwa wachuuzi wa sufu, watu ambao hawawezi kusimulia habari ya mvua bila kutia chumvi.

Kwanza ukumbuke tulivyompokea mwanao. Kiwanda chako cha kutia sufu rangi kilikuwa kimeungua, hukuwa na mahari ya kumtolea kwa monasteri, na binti asiye na mahari humu huingia kwa mlango wa jikoni. Nikamsimamisha mbele ya Mama Mkuu nikamwambia, imba. Akaimba besi, ile sauti nzito ya chini kabisa. Mama Mkuu akageuka kutazama nani amesimama nyuma yake. Siku hiyohiyo baraza la masista likakubali aingie kwaya bila mahari, kwa sharti kwamba awe besi yetu. Monasteri nyingine sauti ya nne huipiga kwa fidla kubwa, kwa kuwa hawana mwanamke wa kufika huko chini. Sisi tulikuwa naye, tukaringa, kwa nini tusiringe?

Balaa lilianza Pasaka. Unajua watu wa mji hawatuoni tukiimba, wao wako kanisa la nje, sisi huku nyuma ya ukuta, na sauti zinapita kwenye dirisha la nondo juu ya altare. Basi mke wa mtengeneza matandiko akatoka kwenye misa akasema, "Humo ndani kuna mwanamume." Alipofika sokoni, mwanamume ana ndevu. Kufikia masifu ya jioni alikuwa Mfaransa.

Monsinyori Tancioni, ndiye Makamu mwenyewe, akaja na makarani wake kumtafuta huyo Mfaransa. Walipekua ghala la divai. Walichungulia ndani ya tanuri. Wakafungua pipa la unga la Sista Prassede, mtunza stoo wetu, na karani mmoja akatumbukiza mkono mpaka begani. Prassede alisimama mkono kiunoni akamwambia, "Ukimpata humo, mwanangu, niachie, nina kuni za kupasua." Mwishowe Monsinyori akauliza, besi inaimbwa na nani? Drusilla akajitokeza. Unamjua mwanao alivyo, mfupi, mashavu kama ya mtoto. "Imba," akaambiwa. Akaimba sauti yake ya "Bwana utuhurumie", peke yake, palepale kwenye mlango wa stoo. Karani akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa unga. Monsinyori akawa mwekundu mpaka masikioni, na mimi, Mungu ananiona, nikaangua kicheko.

Mwanamume aliyechekwa mbele ya makarani wake haondoki hivihivi. Juma lililofuata amri ikaja. Kuimba kwa sauti nne marufuku. Vitabu vyetu vya sauti vikachukuliwa vyote, cha juu, cha pili, cha tatu yaani teno, na cha besi, vile vizuri vilivyopigwa chapa Venisi. Turudi kwenye uimbaji wa kale wa sauti moja, basi. Na kwa kuwa hakuna sauti nne, hakuna besi, na kwa kuwa hakuna besi, Drusilla hana sababu ya kukaa kwenye kwaya. Baraza litapiga kura upya baada ya sikukuu ya Mtakatifu Reparata. Na mimi niandike kwa mkono wangu kwamba mwanamke kuimba vile ni aibu. Nikiandika, Drusilla ataachwa abaki jikoni. Nisipoandika, arudishwe kwako. Hayo ndiyo uliyonishauri niyapokee kwa shukrani.

Nisimsingizie mtu. Monsinyori si mjinga, na muziki anaujua. Ujanani aliimba teno katika kanisa kuu. Aliniita kwenye chumba cha wageni akaniambia kwa upole kabisa, "Sista Ortensia, mkiimba wanne, kila mmoja na neno lake, maskini aliye nje hasikii sala. Anasikia makoo." Lilinichoma hilo, kwa sababu ziko sehemu ambazo ni kweli. Nikamwambia, Monsinyori, sehemu hizo tutazipunguza, maneno yasikike. Akatikisa kichwa. Akasema Kanisa lilizaliwa na sauti moja na sauti moja linatosha.

Sauti moja ipi? Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Humu sandukuni tuna vitabu vya tangu mababu. Kile cha zamani kuliko vyote kina vialama vidogovidogo juu ya maneno, bila mstari hata mmoja, utadhani nzi wamepita. Hakuna aliye hai anayejua vinapanda kiasi gani au vinashuka kiasi gani. Wenyewe walikuwa wameshakariri, wakafa nao. Kinachofuata mtu amechora mstari mwekundu. Kingine kina mistari minne, na hapo tu ndipo unaweza kusoma wimbo usioujua. Halafu pembeni mwa ukurasa kuna mkono mwingine umeongeza sauti ya pili, inatembea na ya kwanza hatua kwa hatua, wala haithubutu kumwacha mwenzake. Kitabu cha enzi za bibi yetu kina sauti tatu, na ile ya tatu imeanza ujeuri, inasimama wenzake wakienda, inakwenda wenzake wakisimama. Kisha sisi na nne zetu. Kila ukurasa, Gaspare, kulikuwa na mtu aliyethubutu kuongeza kitu, na nina hakika kulikuwa na Monsinyori wa kumwambia imetosha. Sasa huyu wetu anataka turudi kwenye kitabu kipi? Mbona hakuanza kwa kufuta ile mistari?

Na nikuchekeshe kidogo. Ile misa yetu ya Krismasi, anayoisifu mwenyewe kuwa ya heshima, teno yake ni wimbo wa mama wa kuchambulia sufu. Ule wa jogoo na mke wa msaga nafaka, usijifanye umeusahau. Niliunyoosha kila noti ikawa ndefu mpaka haujulikani, kama mabwana wakubwa wa muziki wanavyofanya na nyimbo za vilabuni. Makamu amekaa mbele miaka yote hiyo akifumba macho kwa ibada, na jogoo anawika puani kwake.

Basi tukabaki bila vitabu. Lakini kabla ya Venisi kupiga chapa chochote, mwalimu wangu marehemu Sista Candida alitufundisha bila kitabu cha sauti. Unaweka kitabu cha uimbaji wa kale juu ya meza. Wengine wanaimba kilichoandikwa, polepole. Wewe unatafuta njia yako juu yao, mwingine chini yao, kwa masikio tu, hapohapo. Mwalimu anakuongoza kwa mkono wake wa kushoto, kila kiungo cha kidole kina noti yake, akigusa hapa unajua uende wapi. Makosa ni mengi mwanzoni, na Candida alikuwa na fimbo. Lakini ukishaujua, hakuna mtu anayeweza kukunyang'anya, labda akukate masikio.

Tulijifunza kwenye chumba cha kufulia, wengine wakipiga nguo kwa nguvu ili tusisikike. Drusilla aliogopa, nisikudanganye. Alinijia mikono imelowa sabuni akasema, "Shangazi, wakinitoa kwa ajili ya hili, baba atasemaje?"

"Baba yako atafoka," nikamwambia, "kisha atakohoa, kisha atanyamaza. Wewe unataka nini?"

"Nataka kuimba. Vyungu naweza kuosha, Shangazi, kazi siiogopi. Ila sitaki niambiwe nivioshe kwa sababu koo langu ni aibu."

Huyo ni mwanao, Gaspare. Wewe uliyeandika kwamba anainama vizuri, una habari naye kweli?

Siku ya sikukuu kanisa la nje lilijaa mpaka barabarani. Monsinyori alikaa mbele kabisa. Tulipofika kwenye wimbo wa Bikira Maria, ubeti wa kwanza tuliuimba kwa sauti moja, safi, kama alivyoamuru, na kupitia nondo nilimwona anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapiga moyo konde, nikainua mkono wa kushoto, nikagusa kiungo cha chini cha kidole gumba. Drusilla akaingia. Ile sauti niliisikia kwenye mbao nilizosimamia. Wa juu wakafuata, na Sista Petronia akaweka sauti ya pili katikati.

Tulikuwa hatujamaliza ubeti, fimbo ya Monsinyori ikagonga nondo. "Nyamazeni!" Petronia akashtuka akapotea, na kwa kitambo kidogo tulikuwa vibaya, tena vibaya sana, kama mikokoteni inayogongana darajani. Nilimkazia macho, nikamwonyesha kidole, akarudi. Fimbo ikagonga tena. Ndipo mtu mmoja huko nje, nadhani ni yule muuza jibini mwenye kilema, akapaza sauti, "Nyamaza wewe, Monsinyori, tunasikiliza!" Watu wakacheka kanisani, siku ya Reparata, mbele ya masalia yake. Sisi tukaendelea mpaka Amina.

Kesho yake nikaitwa. Nimevuliwa uongozi wa kwaya. Nisikanyage kwaya tena maadamu yeye ni Makamu. Nisali nikiwa jikoni. Nisiende chumba cha wageni. Nisiandike barua wala nisipokee, kuanzia kesho adhuhuri, ndiyo maana unaona mwandiko wangu unakimbia. Akanisogezea karatasi na kalamu kwa mara ya mwisho, nitie sahihi kwamba ilikuwa aibu, na yote yasahaulike. Nikamwambia, "Mkono huu unaandika vizuri, Monsinyori, ila uongo hauandiki."

Akanitazama, akasema taratibu, "Unampoteza mtoto wa ndugu yako kwa kiburi chako."

Nilirudi jikoni nikalia juu ya kapu la vitunguu ili watu wadhani ni vitunguu. Sikulia kwa kutubu. Nililia kwa hofu, maana huenda alikuwa anasema kweli, na wewe ungekuja kumpokea mwanao gatini huku unanilaani.

Jana asubuhi baraza likakaa. Kura zetu ni maharage, unalijua hilo, jeupe ni ndiyo, jeusi ni hapana, kila mmoja anadondosha lake kwenye chungu mkono umefichwa kwenye kanzu. Makamu haruhusiwi kuingia, basi akakaa nje ya mlango kwenye kiti, akikohoa ili tujue yupo. Mama Mkuu, maskini, uzee umemmaliza, sauti ilimtetemeka alipouliza kama kuna mwenye neno. Mimi sikuruhusiwa kusema.

Akasimama Prassede. Nikasema moyoni, tumekwisha. Kwa sababu Prassede huyu kwaya yetu anaichukia tangu nimjue, na hilo hajawahi kulificha.

"Mimi," akasema, "huo muziki wenu unaniumiza kichwa. Sauti moja ingenitosha, na ikiwezekana hata hiyo isiwepo. Lakini huyu mtoto tulimpokea sisi, kwa maharage yetu. Mwanamume amekuja hapa akatia mkono kwenye pipa langu la unga, na sasa anataka kutia mkono kwenye chungu hiki. Thubutu!" Akadondosha harage lake bila kuficha mkono, wote tukaliona.

Walipomwaga mezani, meusi yalikuwa machache. Najua ni ya nani, na nimewasamehe. Hapana, nimesema uongo. Bado sijawasamehe.

Kwa hiyo Drusilla ni sista wa kwaya kwa haki, na veli nyeusi kavalishwa palepale. Hurudishiwi mtu, hudaiwi kitu. Alikuja kunikumbatia jikoni akanivunja mbavu, na veli imeenda upande.

Lakini usishangilie mno. Vitabu bado viko kwa Makamu, na amri yake imebandikwa kwenye mlango wa kwaya: sauti moja tu. Na sauti hiyo moja imeandikwa juu sana kwa koo la mwanao. Maana yake alishinda kiti, halafu akae juu yake akiwa bubu. Nilijua hivyo, na yeye alijua.

Jana jioni walipokwenda kwenye masifu mimi nilibaki jikoni kuchambua dengu, kama nilivyoamriwa. Prassede alikuwa anapima unga wa mkate wa leo. Mlango wa ushoroba ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi. Nikasikia wimbo wa Bikira Maria unaanza, ubeti wa kwanza, sauti moja. Nikajikaza. Nikajiambia, Ortensia, ulifanya ulichoweza, sasa chambua dengu zako. Ubeti ukaisha. Kukawa kimya, na kile kimya kikawa kirefu kuliko inavyotakiwa.

Kisha ikaja kutoka chini kabisa. Sikuwepo, Gaspare. Sikuinua mkono, sikumkazia mtu macho. Drusilla aliingia mwenyewe. Petronia akafuata, na safari hii hakupotea. Halafu wa juu wakaongezeka, mpaka nikasikia sauti za masista ambao hawajawahi kuimba chochote zaidi ya kilichoandikwa, wanatafuta njia, wanakosea, wanarudi. Dengu zilinimwagika zote.

Prassede akaacha kupima. Akashika paji la uso. "Haya," akasema, "kichwa changu hicho kinaanza." Mlango hakuufunga.

Makamu alidhani akinitoa mimi amemaliza kazi. Sasa atamtoa nani? Wote?

Nisalimie Nikoleta, umwambie zile sabuni zake nimezitumia kwa uchoyo na bado ninayo moja. Wasalimie Bartolo na Lukrecia, na yule mdogo ambaye sijawahi kumwona. Mfundisheni kuimba mapema kabla hajajua kuona haya. Msalimie sana mama mkwe wako, na binamu Oddone kama bado yuko bandarini na bado anadai anaumwa. Mungu awafunike kwa mkono wake, kifua chako kipone, rangi zako zishike, na bahari iliyo kati yetu iwe na upole kwa kila anayeivuka.

Usinijibu. Barua yako itaishia mezani kwa Monsinyori, naye atasahihisha mwandiko wako. Ukitaka kuandika, mwandikie binti yako, yeye hajakatazwa. Mwandikie mara kwa mara. Ila usimwambie tena ainame.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokufokea,
Sista Ortensia.